Mkasa Mmoja, Baraza Moja

Kijana wa tuktuk amemshusha abiria Marikiti. Akifika Makadara anageuka nyuma, anaona simu kitini. Imezimwa. Hakuna aliyemwona akiichukua. Nyumbani mtoto wake ana homa siku ya tatu na dawa hazijanunuliwa. Afanye nini?

Hilo ndilo swali nililowapa watoto saba Jumamosi moja baada ya alasiri, tumekaa kwenye baraza la nyumba yetu hapa Kibokoni, Mombasa. Mkubwa wao alikuwa na miaka 14, mdogo 10. Wa kwanza kujibu alikuwa kijana wa miaka 12, na alijibu bila wasiwasi: "Kuokota si kuiba, mwalimu." Msichana aliyekaa ukingoni akamgeukia. "Umeiwasha, mwenyewe akapiga, nawe hushiki. Hapo bado umeokota?" Kijana akanyamaza, akautazama mtaro, kisha akasema, "Hapo ndipo wizi unapoanza." Mwingine akadakia kwamba mtoto mgonjwa hawezi kungoja mwenye simu apige. Muuza kahawa alikuwa akipita na kugonganisha vikombe vyake. Akalitua dele chini, akasikiliza, akaliinua tena akaenda zake bila kuuza hata kikombe kimoja. Mpaka adhana ya magharibi ilipotoka hatukuwa tumefungua kitabu chochote, na wale watoto walikuwa wamekwisha kupambanua kitendo na nia, haki ya mwenye mali na dharura ya mwenye shida. Mambo hayo wanafunzi wa chuo kikuu huyasoma kwa muhula mzima.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wazazi na walimu wa mitaa hii hunijia na swali lile lile: tununue kitabu gani cha kufundishia maadili? Jibu langu ni kwamba msinunue kwanza. Vitu vya kufundishia viko tele, na vingi vilivyo bora ni vya bure kabisa. Tunachokosa ni mtu wa kuuliza swali kisha akavumilia kusikiliza jibu. Makala haya ni kwa yule aliye tayari kuwa mtu huyo, awe mwalimu wa shule, maalim wa madrasa, mama aliye na watoto watatu na alasiri moja ya nafasi, au kijana aliyemaliza kidato cha nne ambaye bado anangoja kazi.

Tuanze na shule. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio nchini Kenya mwaka 2017, umetaja maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Shule nyingi zimeyaandika ukutani kwa rangi nzuri, na mtoto anaweza kuyataja yote manane kwa pumzi moja. Sasa mwulize huyo huyo: rafiki yako wa kufa na kuzikana kaingia na kikaratasi kwenye chumba cha mtihani, nawe umemwona. Upendo unakwambia nini, na uadilifu unakwambia nini? Hapo ule ukuta haumsaidii. Mtoto hapati taabu kujua kwamba wizi ni mbaya. Taabu huja pale mambo mawili mema yanapogongana mkononi mwake na lazima aachilie moja. Kumfundisha kupima pale yanapogongana ndiyo kazi yetu, na kazi hiyo haifanyiki kwa kukariri.

Kwa hiyo somo la kwanza nalichukua mlangoni: methali. Hazilipiwi, hazihitaji umeme, na kila mtoto huja nazo kutoka kwa nyanya yake. Lakini usizifundishe kama shule inavyozifundisha, yaani methali na maana yake, methali na maana yake, mpaka zinakauka. Zikutanishe zinazopingana. Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Tenda wema nenda zako, na fadhila ya punda ni mateke. Waulize: mtu mmoja anawezaje kuziamini zote mbili? Ni lini hii, ni lini ile? Mtoto anayeeleza kwa nini methali hii ndiyo inayofaa leo na ile haifai ameanza kutoa hoja, hata kama hajui kwamba kitendo hicho kina jina.

Ipo moja ambayo hula alasiri nzima peke yake: Mgala muue na haki yake mpe. Wagala ndilo jina ambalo watu wa pwani waliwaita Waoromo, ambao miji yetu iliwaogopa kwa karne nyingi. Mara ya kwanza nilipoileta barazani, kijana mdogo kuliko wote aliuliza, "Haki gani anapewa mtu aliyekwisha kuuawa?" Tukakaa kimya. Kisha yakaja majibu: haki ya kuzikwa, haki ya kusemwa kwa ukweli, haki ya watoto wake kupata mali yake. Nikawaambia methali hiyo inadai jambo gumu sana, kwamba adui naye ana haki zisizofutika kwa uadui wake. Lakini nikawauliza na swali la pili, lile ambalo wakubwa hulikwepa: kwa nini aliyetajwa ni Mgala? Leo, katika mji wetu, tunapotamka "mtu wa bara" kwa sauti fulani, tunamweka nani mahali pa yule Mgala? Miongoni mwa wale watoto mmoja wazazi wake wametoka Machakos. Yeye ndiye aliyejibu, na alijibu kwa upole zaidi kuliko nilivyostahili.

Ukitaka methali nyingi za kuchagulia, tafuta mtandaoni mkusanyo wa W. E. Taylor, African Aphorisms, uliotoka mwaka 1891. Taylor alikuwa mmisionari Mwingereza aliyekaa Mombasa, na methali zake alizipata kwa watu wa mji huu. Kitabu kimepigwa picha kurasa zote, hakimilikiwi na mtu tena, na kinapakuliwa bila malipo. Methali zichukue, maelezo yake yasome ukikumbuka nani aliyaandika na alikuja kufanya nini.

Huyo huyo Taylor ndiye aliyesaidia kutuhifadhia jambo kubwa zaidi. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa, alikusanya tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yaani Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, akafanya kazi na Taylor kuziandika. Mwaka 1940 William Hichens akazichapisha kama Diwani ya Muyaka. Hati za Taylor ziko katika chuo cha SOAS, London, na hati nyingi za Kiswahili za chuo hicho sasa zinaonekana kwenye intaneti bila ada, pamoja na tenzi za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mtoto wa mtaa wa Kuze anaweza kuiona kwenye simu hati ya mashairi yaliyotungwa hatua chache kutoka kwao. Waonyeshe, hata kama hawawezi kuisoma. Mtoto akijua kwamba mtaa wake uliwahi kubishana kwa akili, naye hujipa ruhusa ya kubishana kwa akili.

Kwa mwalimu wa maadili, Muyaka ana zawadi nyingine, nayo ni ile desturi ya kujibizana. Malenga akitupa shairi, mwenzake humjibu, na anayejibu hana budi kuishika hoja aliyotupiwa. Akiiacha ataonekana ameshindwa. Desturi hiyo nimeigeuza kuwa sheria ya baraza letu. Kabla ya kumpinga mwenzako, rudia alichosema mpaka mwenyewe akubali kwamba ndicho alichosema. Mwanzoni watoto waliiona inachosha. Baada ya wiki nne au tano wakawa wanadaiana: "Hukunirudia!" Sijapata kifaa cha kufundishia kilicho bora kuliko sheria hiyo moja, wala sijakilipia.

Kwa waliobalehe akili kidogo, wa miaka 15 na kuendelea, mlete Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, akafariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 likafuata Al-Islah. Humo aliwauliza watu wa mji wake maswali yaliyowauma: tunawasomesha nini watoto wetu, tunaiga nini kwa wageni na kwa nini, mbona wengine wanatutangulia nasi tunalalamika tu? Baadhi ya makala hayo yamo katika kitabu Uwongozi, na mwaka 2017 yalitolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Yana urefu wa ukurasa mmoja au mbili, mepesi kusomwa kwa sauti. Nawaambia walimu wenzangu wamtazame hasa kwa jambo moja: hakungoja mtu amletee vitabu vya kufundishia. Alichukua karatasi akaandika, kwa lugha ya watu wake, juu ya jambo linalowahusu wiki ile. Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa ukurasa mmoja wa kupigwa chapa dukani kwa shilingi chache.

Vijana wasome makala moja ya Sheikh Al-Amin, kisha wamjibu. Ndiyo, wamjibu. Kuna wazee watakaosema huo ni utovu wa adabu. Mimi naona kumsoma mwanachuoni kichwa kimeinamishwa, bila swali, ni kumfanya kama nakshi ya mlango, kitu cha kutazamwa tu. Yeye aliandika ili watu wabadilike, na hawezi kubadilika mtu ambaye hajaulizana na alichosoma.

Hivyo hivyo na Utendi wa Mwana Kupona, wosia wa mama wa Kipate kwa binti yake, uliotungwa mnamo mwaka 1858. Nimeusoma na wasichana. Yamo ya adabu, ya ulimi mwema na ya kumcha Mungu ambayo waliyapokea bila shida, na yamo ya kumtii mume ambayo yaliwatoa pumzi. Usiwakataze kushangaa, wala usiwaachie wamcheke mama wa watu aliyekuwa mgonjwa anamwachia mwanawe alicho nacho. Waulize: angekuwa mama yako leo, angebakisha beti zipi? Wewe binti yako utamwachia zipi?

Hapa lazima niseme juu ya neno "bure", kwa sababu tunalitumia ovyo. Kuna vitu vya bure kwa sababu muda wa hakimiliki umekwisha. Kwa sheria ya Kenya, maandishi hulindwa katika maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Basi tungo za Muyaka ni za umma, na maandishi ya Sheikh Al-Amin mwenyewe pia, ingawa utangulizi na tafsiri za wataalamu wa leo zina wenyewe. Kuna vitu vya bure kwa sababu mwenyewe ameamua hivyo na akaweka leseni, mara nyingi ya Creative Commons. Jifunze alama zake, si nyingi. BY maana yake taja jina la mwandishi. NC, usifanyie biashara. SA, ukikibadilisha kitoe kwa masharti yale yale. ND, usikibadilishe, na hapo kumbuka kwamba kutafsiri ni kubadilisha: chenye ND unaweza kukisambaza kama kilivyo, lakini tafsiri yako ya Kiswahili huwezi kuieneza bila idhini. Na kuna aina ya tatu, ile ambayo mtu ametuma kwenye kundi la simu kitabu kizima cha mwandishi aliye hai. Hicho si cha bure. Siwezi kusimama mbele ya watoto kufundisha haki ya mwenye simu iliyookotwa, nami nimeshika kitabu kilichoibwa.

Kwa hiyo kuna vitabu viwili vitatu ambavyo nawaambia watu wanunue, au wakaviazime maktaba. Kimoja ni Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, aliyefungwa mwaka 1969 kwa waraka alioandika kuishutumu serikali, akatunga mashairi gerezani kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikatoka mwaka 1973. Humo mna shairi la ndugu wawili wanaogombea mnazi, kila mmoja na hoja yake. Ligawe darasa sehemu mbili, upande huu uwe ndugu huyu na upande ule uwe yule, kisha baada ya nusu saa wabadilishane pande. Kubadilishana ndiko kunakofundisha. Kingine ni utenzi wa Ahmad Nassir, Mtu ni Utu, ulio mzito hata mtafiti Mjerumani Kai Kresse, aliyeandika juu ya wanafikra wa Mombasa mwaka 2007, akaufanya mojawapo ya nguzo za kitabu chake. Swali lake kubwa mtoto yeyote wa pwani analiweza, kwa kuwa amelisikia tangu utotoni akiambiwa "huna utu" au "kuwa mtu". Utu unazaliwa nao au unautenda? Anayewadhulumu watu, amepoteza utu wake au bado anao na hautumii? Nimewahi kuona baba watatu waliokuja kuwachukua watoto wao wakakaa chini, wakaingia katika ubishi huo, hadi muadhini akawakumbusha saa.

Sasa ulimwengu wa nje. Hapo vitu vya bure ni bahari, na mtu huzama. Kamusi elezo ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Stanford iko wazi kwa wote tangu mwaka 1995, na ni ya kuaminika kuliko nyingi. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza kizito. Itumie kujiandaa wewe, usiisome barazani. Anza na makala yake juu ya maadili ya Kiafrika, yaliyoandikwa na Kwame Gyekye wa Ghana, na yale ya falsafa ya wenye hekima yaliyoandikwa na Mkenya mwenzetu Dismas Masolo. Project Gutenberg, ulioanza mwaka 1971, una Jamhuri ya Plato, Maadili ya Aristotle, vitabu vya Kant na Mill, vyote kwa Kiingereza, na muda wa hakimiliki umekwisha. Mihadhara ya Michael Sandel wa Harvard juu ya haki iko kwenye YouTube. Yafaa kwa vijana wa kidato cha nne wenye Kiingereza kizuri na mtu wa kulipia bando. Kwa watoto wadogo, African Storybook ina hadithi fupi za Kiswahili nyingi mno, zenye leseni inayokuruhusu kuzichapa na kuzibadilisha, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi ilikoanzia.

Bando ndilo linalokwamisha wengi. Tafuta programu iitwayo Kiwix. Pakua mara moja, mahali penye mtandao wa bure, Wikipedia ya Kiswahili au maktaba nyingine, uiweke kwenye simu. Baada ya hapo unasoma bila intaneti na unampa mwenzako kwa kadi ya kumbukumbu. Sisi tuna simu moja yenye kioo kilichopasuka, na imetutosha.

Vitabu vya akina Plato na Kant usiviingize kwa jina. Nimejaribu kusema "leo tutajifunza Kant" na nikaona macho yakifumba. Anza na mkasa wa hapa. Mabomba ya mji wetu hukauka mara kwa mara, na mwenye mkokoteni wa maji huongeza bei ya mtungi siku hiyo. Je, amewadhulumu watu? Mmoja atasema maji ni yake na jasho ni lake. Mwingine atasema akiongeza bei, ajuza wa ghorofa ya tatu hatapika. Mwingine atasema bei ikipanda, mikokoteni itakuja mingi na wengi watapata maji. Huyu wa mwisho uko naye karibu na Mill: anahesabu heri ya walio wengi. Sasa uliza: ingekuwa kila mtu mwenye kitu anangoja mwenzake akwame ndipo apandishe bei, daktari, mwenye boti, mwenye duka la dawa, ungependa kuishi katika mji huo? Hapo umemfikia Kant na kitabu chake cha mwaka 1785. Wakishachoka kubishana, ndipo waambie kwamba kulikuwa na watu wawili wa mbali waliobishana hivi hivi, uwataje majina. Watoto watafurahi kujua kwamba wakubwa hao walifika walipofika wao.

Hadithi ya Plato ya mchungaji aliyeokota pete inayomfanya asionekane nimeisimulia kama ngano za nyanya, na haikuhitaji maelezo yoyote; watoto wa pwani wamekua na pete za majini. Swali lake ndilo lile la kijana wa tuktuk: kama hakuna anayekuona, kwa nini utende haki? Msichana mmoja alijibu upesi, "Malaika wawili wanaandika." Ni jibu la imani yake, na si kazi yangu kulivunja. Lakini jirani yake barazani alikuwa Mhindu, na aliyefuata Mkristo, na mji huu una watu wa kila ibada wamekaa ukuta kwa ukuta. Nikamwuliza, "Na Mwenyezi Mungu amelikataza kwa sababu gani? Kuna ubaya gani ndani yake?" Akafikiri, akasema kwa sababu yule mwenye simu naye ana mtoto. Jibu hilo wote watatu waliweza kulishika.

Wazazi wengine wakisikia neno falsafa huogopa kwamba mtoto atarudi hana dini. Usibishane nao, waalike wakae. Waambie Imam Ghazali alijaza vitabu kwa maswali ya tabia na nafsi, na kwamba wanachuoni wa Kiislamu walimsoma Aristotle kabla Ulaya haijamrudia. Tumia neno akhlaki kama linawatuliza, maadili kama shule ndiyo inayouliza. Mlango wako uwe wazi na darasa lifanyike mahali ambapo kila apitaye anasikia. Baraza limejengwa kwa ajili hiyo.

Yako makosa mawili ambayo naomba usiyarudie. La kwanza nililifanya mimi. Nililetea darasa mkasa wa deni la arusi niliousikia mtaani, nikabadilisha majina tu. Watoto wakaijua nyumba, na mmoja wao alikuwa jamaa yao, akaanza kulia. Jioni ile nilikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Mji wetu vichochoro vyake ni vyembamba, na sitara ni sehemu ya maadili yetu. Tangu siku hiyo mikasa yangu yote ya ndani ya nyumba za watu hutokea Tanga.

La pili ni kuchukua mfano wa vitabuni bila kujua unamgusa nani. Mwanafalsafa Peter Singer ana mfano maarufu wa mtoto anayezama, nawe unapita karibu: utaingia majini ukaharibu viatu vyako? Kwingine ni fumbo la kufikirisha tu. Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Wapo mababu na mashangazi wanaokaa mbali kidogo na baraza lako, wanaosikia kila neno, ambao walingoja ufukweni siku ile. Badilisha mfano. Swali litabaki lile lile, na hutakuwa umemwumiza mtu ili kumfundisha mwingine huruma.

Ukishazoea, toka barazani uende kwa wazee. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, alikwenda vijijini kuwauliza wazee wenye hekima, akapambanua anayesimulia waliyosema wahenga na yule anayeyapima mwenyewe, anayakubali au kuyakataa kwa hoja. Wape watoto wawili wawili swali moja na simu ya kurekodi. Waingie kwa shikamoo, waombe ruhusa ya kurekodi, waulize, wasikilize mpaka mwisho, kisha waulize "kwa nini?" mara moja tu, kwa adabu. Hiyo "kwa nini" moja ndiyo inayomtoa mzee kwenye aliyoyakariri. Bibi mmoja wa miaka zaidi ya 80 aliulizwa na wanafunzi wangu kama ni halali kumdanganya mgonjwa. Akasema si halali. Kwa nini? Akanyamaza kwa muda mrefu, akawaeleza jinsi alivyomdanganya mumewe siku zake za mwisho, na kwamba mpaka leo hajui kama alitenda haki. Rekodi hiyo, kwa idhini yake, tunaitumia kila mwaka. Katika vyote nilivyonavyo, vya bure na vya kununua, hicho ndicho watoto wanachokumbuka.

Ndiyo maana nina ombi kwa jamaa za Mji wa Kale, kuanzia Ndia Kuu hadi Kuze na Mkanyageni. Katika nyumba zenu mna masanduku yenye barua za babu, daftari za mashairi, nakala za magazeti ya zamani, kanda za kaseti za darsa na mawaidha ambazo hakuna aliyezisikiliza kwa miaka mingi. Chumvi ya bahari inazila, mchwa wanazila, na kila mvua ya masika inavuja juu ya sanduku moja. Fungueni. Pigeni picha kurasa kwa mwanga wa dirishani, andikeni jina la aliyetunga na la aliyehifadhi, na kama ni zenu na mnaridhia, andikeni pia kwamba mwalimu yeyote anaweza kuzitumia. Kama huwezi kusoma herufi zake, lete barazani Jumamosi baada ya alasiri. Tunaye mzee anayezisoma, na watoto saba wa kuandika.